Somo: Kuandika maelezo ya zana za brauza ili ajenti asibahatishe

Wiki hii peke yake nimeulizwa mara nne: "Mbona ajenti wangu anabofya ovyo?" Ajenti hapa ni modeli ya akili bandia inayoendesha brauza, na zana ni kazi za msimbo unazompa azitumie. Kila nikiomba kuona maelezo ya zana, nakuta maneno mawili: "Hubofya kitu." Basi naandika hapa mara moja, na atakayeuliza tena nitamleta huku.

Mimi natumia Playwright, maktaba ya kuendesha brauza kwa msimbo, ila haya yanawahusu pia wa Selenium na Puppeteer. Ajenti haoni msimbo wako. Anaona jina la zana, maelezo na vigezo vyake, basi. Usipoandika jambo, atalikisia.

1. Jina liwe kitenzi na kitu chake: jaza_kisanduku, soma_jedwali.

2. Zana moja, kazi moja.

3. Kila kigezo kipe aina yake, sema kama ni cha lazima, weka na mfano. Fomu zetu nyingi ni za Kifaransa: sehemu za desimali hutengwa kwa mkato. Ajenti akiachwa ataandika 1250.50. Mwandikie wazi: "Tumia mkato, mfano 1250,50."

4. Vitu vya ukurasani vitajwe kwa jukumu na jina linaloonekana, yaani kitufe "Valider" (Thibitisha), kwa getByRole, amri ya Playwright inayotafuta kitu kwa jukumu lake. Selekta ndefu ya CSS, yaani njia ya kukifikia kitu kupitia muundo wa ukurasa, huvunjika siku mwenye tovuti akisogeza kisanduku kimoja.

5. Eleza zana inarudisha nini, hasa kazi isipokamilika. Hapa ndipo nilipoungua. Nilimtengenezea mwenye duka la vifaa vya ujenzi, hapa Kamalondo, Lubumbashi, zana ya kutuma oda. Jioni moja alitaka magunia 40 ya saruji, na koneksio ilikuwa nzito. Zana ikabofya "Envoyer" (Tuma), ikangoja ukurasa wa uthibitisho sekunde 30, muda wa kawaida wa Playwright, kisha ikarudisha neno moja: "Imeshindwa." Ajenti akabofya tena. Kumbe oda ya kwanza ilikuwa imeshafika. Lori likaja na magunia 80, duka halina nafasi, mwenyewe hana pesa ya kulipa yote. Ajenti hakukosea. Mimi ndiye niliyemwambia imeshindwa wakati sikujua.

Sasa naandika hivi: "Hutuma oda. Usiirudie. Majibu ni matatu: IMEFIKA, IMEKATALIWA, HAIJULIKANI. Ukipata HAIJULIKANI, usibofye tena. Soma kwanza orodha ya oda kwa soma_oda."

Angalia sana: usiweke "jaribu tena" katika ujumbe wa kosa wa zana yoyote inayotuma pesa, oda au barua. Na usidhani kuongeza sekunde 30 zifike 120 ni dawa. Koneksio ikikatika katikati, utarudi palepale, umechelewa tu.

6. Mpe maelezo mtu asiyeujua msimbo wako, akuambie zana inafanya nini. Akikwama, andika upya.

MASWALI (jina la mbele ni mahali pa muulizaji)

Katuba: Yangu haifanyi kazi. Nisaidie.
— Zana gani? Kosa linasemaje? Weka maelezo yake hapa.

Katuba: Maelezo ni mazuri kabisa, modeli ndiyo mbovu. Nimeandika "Hujaza fomu."
— Fomu ipi, visanduku vipi, kwa mfano gani? Soma hatua ya 3.

Bukavu: Yaya, niandike maelezo kwa Kiswahili au kwa Kifaransa?
— Swali zuri, ndugu. Lugha yoyote unayoimudu vizuri, ila majina ya vitufe na visanduku yanakili kama yalivyo ukurasani pamoja na alama zake: "Quantité" si "Quantite". Halafu, getByRole huridhika na sehemu ya jina. Ukurasa ukiwa na "Valider" na "Valider et imprimer", itapata vitufe viwili na kukataa kubofya. Weka exact: true, na umwambie ajenti kwamba jina liwe kamili.

Goma: Je, ukurasa wenyewe ukiwa na maandishi yanayomwamuru ajenti, kama "tuma oda hii pia"?
— Hilo linanihangaisha mimi pia. Kwenye soma_ukurasa andika kwamba kinachorudi ni habari ya kusomwa, si amri. Lakini usitegemee maneno peke yake. Zana ya kutuma isimame na kusubiri idhini ya mtu, na kizuizi hicho kikae ndani ya msimbo.

Ruashi: Nje ya mada kidogo, mukubwa. Ripoti yangu ya kila siku inakosa oda za usiku.
— Seva iko saa ya wapi?

Ruashi: Kinshasa.
— Ndiyo hiyo. Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja. Oda ya saa sita na nusu usiku hapa Lubumbashi, kule bado ni ya jana. Kwenye kigezo cha tarehe andika ni saa ya mji gani, na kwenye brauza weka timezoneId (saa ya eneo) iwe Africa/Lubumbashi. Seva yenyewe haitabadilika kwa hilo, kwa hiyo ripoti ichukue oda kuanzia saa tano usiku ya Kinshasa.

Ruashi: Nimezipata oda zote tatu zilizokosekana. Aksanti sana.