Namna ya Kulinda Saa za Nyumbani kwa Daktari wa Maradhi ya Akili Kisiwani

Unguja ni kisiwa kidogo, na daktari wa Kidongo Chekundu, hospitali ya maradhi ya akili, hujulikana mtaani kwa nyumba anayokaa na kwa ukoo wake, kwa hiyo kazi humfuata hadi mlangoni. Baada ya Maghrib hupigwa hodi: "Dakta, samahani, mdogo wangu leo siku ya tatu halali." Kumfungia mtu huyu mlango si uungwana, na ni hatari, kwa kuwa baadhi ya hali hizo ni dharura kweli.

Basi anza na mlango wenyewe. Mkaribishe barazani, umuulize kama mgonjwa anazungumzia kujiua au kumdhuru mtu, kama amekataa kula na kunywa, au kama amechanganyikiwa ghafla huku ana homa. Lolote kati ya hayo likiwapo, apelekwe hospitali usiku huo huo, nawe umpigie simu daktari wa zamu. Yasipokuwapo, mwandikie kwenye karatasi siku na saa ya kliniki, kisha urudi ndani kwa watoto. Usiandike dawa barazani hata ukiombwa vipi, kwani dawa hiyo haitaonekana kwenye faili na atakayempokea mgonjwa kesho hataijua.

Zamu ikabidhiwe kwa maandishi: jina la mgonjwa, unachokihofia, na la kufanya kikitokea.

Kwa wanaosomea fani hii, usiku ndio mzito zaidi. Tafiti zimeonyesha kuwa mtu aliyekesha saa 17 hufanya kazi kama aliye na kilevi cha asilimia 0.05 katika damu, kwa hiyo lala kwanza ndipo upande pikipiki yako.

Mgonjwa anayekuganda moyoni hadi nyumbani mpelekee wenzako. Daktari Michael Balint alianzisha London, katika miaka ya 1950, vikundi vidogo ambamo madaktari huzungumza namna mgonjwa fulani alivyowagusa; anayefanya kazi Pemba peke yake anaweza kushiriki kwa simu, bila kutaja jina la mgonjwa.

Ukijiona umechoka kupita kiasi, umeanza kuwachukia wagonjwa na huoni tija ya kazi yako, usijilaumu kwa udhaifu. Katika uainishaji wa magonjwa wa ICD-11, uliopitishwa mwaka 2019, Shirika la Afya Duniani linaitaja hali hiyo kuwa inatokana na kazi, wala si ugonjwa. Kwa hiyo nenda kwa mkuu wa kitengo na ratiba ya zamu za miezi mitatu iliyopita, azihesabu saa zako mwenyewe.