Nguo ya ufukweni ipime dirishani kwanza
Kabla ya kufungasha nguo za ufukweni, inyanyue kila moja kwenye mwanga wa dirisha. Ukiona mwanga unapenya kati ya nyuzi, jua nalo litafika kwenye ngozi. Wengi hukimbilia nyeupe nyepesi. Mimi napenda shati la kitani, pana, la mikono mirefu, lenye rangi iliyokolea kama buluu ya bahari au nyekundu ya matofali. Rangi nzito huzuia mionzi zaidi, na kwenye mchanga mweupe inapendeza mno! Fulana ya pamba ikilowa kinga yake hupungua, basi beba nyingine kavu. Kofia iwe pama, ukingo wake usipungue sentimita 7 pande zote. Kepu huacha masikio na shingo wazi.