Somo: Kuhamisha programu za masomo ndani ya kampasi ya sheria bila kuvuruga muhula

Wadau, somo hili niliahidi tangu tulipojadiliana humu kuhusu vyumba vya kampasi, samahani kwa kuchelewa. Niko upande wa miliki, yaani majengo na vyumba, katika chuo kimoja cha sheria hapa Dar, mwaka wa kumi na ushee sasa. Nimehamisha kliniki ya msaada wa kisheria, masijala, maktaba ndogo na programu za jioni. Mara nyingi mambo yalikwenda. Mara moja yalikwenda vibaya sana, na nitawaeleza hapo chini.

Shule ya sheria kuhama si jambo geni mjini hapa. Kitivo cha sheria cha kwanza nchini kilianza Oktoba 1961 kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wasiofika 20, na mwaka 1964 chuo kikapanda Mlimani. Ila wale walikuwa wanahamia majengo mapya yanayowasubiri. Sisi tunahamishia watu kwenye vyumba ambavyo bado vina watu ndani. Shida yote iko hapo.

Hatua ya 1: Anza na ratiba, ramani baadaye

Mkubwa akishasema "programu ya jioni iende jengo la nyuma", watu hukimbilia ramani na kalamu nyekundu. Wewe kaombe ratiba ya muhula uliopita, kisha uihakiki kwa miguu. Mimi nilipita milango yote kwa wiki mbili na daftari, kila saa, nikihesabu vichwa. Ukumbi uliokuwa ukigombewa kwenye vikao nilikuta mara nyingi una watu robo. Chumba cha semina kilichodharauliwa, wanafunzi walikuwa wamekaa mpaka madirishani.

Chukulia mwaka wa kwanza wa shahada una wanafunzi 300. Ukiwagawa semina za watu 25 unapata makundi 12. Kozi zikiwa nne, kila kundi saa moja kwa kila kozi kwa wiki, hizo ni saa 48. Chumba kikitumika kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni kwa siku tano ni saa 50. Toa saa mbili za Ijumaa mchana watu wanapokwenda kuswali, unabaki na 48. Arobaini na nane kwa arobaini na nane! Kwenye karatasi chumba kimoja kinatosha, na nimeona kamati ikipiga makofi kwa hesabu kama hiyo. Ikaja sikukuu moja katikati ya wiki, semina za siku nzima zikakosa pa kufidiwa hadi mitihani. Hapo weka vyumba viwili, na usikubali kubembelezwa.

Hatua ya 2: Kila programu ihojiwe peke yake

Usitume fomu. Kaa na mratibu wa programu, mwulize siku yake inaendaje tangu asubuhi. Wa uzamili wa jioni atakwambia kuhusu taa za njiani na choo ambacho mlinzi hukifunga saa 12. Wa stashahada atakwambia kuhusu viti. Ofisi ya mitihani watataka nondo madirishani na mlango mmoja tu.

Hawa wote ni rahisi. Kliniki ya msaada wa kisheria ndiyo inayohitaji akili, kwa sababu wateja wake si wanachuo. Mwanafunzi atapanda ghorofa tatu akinung'unika, lakini atafika. Mama aliyetoka Chanika na bahasha ya mirathi kwapani, amebadilisha magari mawili, akiambiwa getini "wamehama, ulizia huko juu", huyo anarudi nyumbani. Kwa hiyo kliniki ikae chini, karibu na geti, na iwe na benchi lenye kivuli nje. Pia iwe na chumba cha mahojiano kisichopitisha sauti. Kuta nyingi tunazogawia vyumba zinaishia kwenye dari ya jipsamu, na juu yake pako wazi, kwa hiyo sauti inapita juu kwa juu. Jaribu hivi: washa redio ya taarifa ya habari kwa sauti ya mtu anayeongea kawaida, funga mlango, nenda chumba cha pili ukae. Ukiweza kufuata habari, hapo mtu hawezi kumweleza wakili mambo ya ndoa yake.

Mahakama ya mfano, wanapofanyia wanafunzi mazoezi ya kuendesha kesi, nayo ina masharti yake. Kuna benchi la majaji na kizimba, na panatakiwa mlango wa pili ambao "jaji" ataingilia bila kupita katikati ya mawakili. Isikae karibu na jenereta. Mengine ni mapambo.

Hatua ya 3: Pata chumba kitupu kabla hujahamisha hata kiti

Chuoni kwetu kliniki ilitakiwa kwenda ilipokuwa ofisi ya mitihani. Mitihani waende ilipokuwa ofisi ya uzamili. Uzamili waende ilipokuwa kliniki. Mnaona duara? Kila mmoja anamsubiri mwenzake atoke. Tulijiaminisha kuwa tutafanya yote Jumamosi moja: wote watoke nje asubuhi, wote waingie jioni.

Saa 4 asubuhi vifaa vya ofisi tatu vilikuwa kwenye korido. Saa 6 fundi akagundua chumba cha mitihani hakina soketi za kutosha na waya zinahitaji kuvutwa upya. Saa 12 jioni vitabu vya majibu vya wanafunzi bado viko koridoni, ndani ya maboksi yaliyofungwa kwa selotepu. Usiku ule nililala pale, mimi na mlinzi, kwenye viti vya plastiki, na mbu wa Dar mnawajua. Hakuna kilichopotea. Ila Jumatatu nilipoulizwa kwa maandishi ni nani alikuwa na funguo kati ya saa fulani na saa fulani, nilijua tumecheza na moto.

Tangu siku ile sianzi bila chumba cha kupumulia: chumba kimoja kitupu, chenye kufuli, ambacho hakina mwenyewe kwa wiki tatu. Wa kwanza anahamia humo. Chumba chake kinapakwa rangi na kuvutwa waya kikiwa tupu. Wa pili anaingia, chake kinatengenezwa, na kuendelea hivyo hadi yule wa kwanza atoke kwenye chumba cha kupumulia kwenda kwake. Ni polepole, na kila siku utaulizwa kwa nini chumba kizima kimekaa bure. Jibu lako liwe tayari.

Hatua ya 4: Pima milango

Pima ngazi pia, hasa pale zinapokata kona. Benchi letu la majaji ni la mninga, kipande kimoja, urefu wa mita 4 na sentimita 20. Lilitengenezwa ndani ya chumba kilekile miaka mingi nyuma. Vijana sita walilibeba hadi kona ya kwanza ya ngazi, likakwama, haliendi mbele wala halirudi nyuma. Seremala akaitwa kung'oa mkingo wa ngazi ili lirudi chini. Futi kamba ya elfu chache ingetuokoa.

Hatua ya 5: Vitabu vina uzito kuliko unavyodhani

Ripoti za kesi zilizojalidiwa ni mawe. Nilipima mita moja ya rafu kwa mizani ya duka nikapata kama kilo 35. Kabati la rafu sita za mita moja ni kilo 210; mawili yakipeana mgongo ni kilo 420, yamesimama kwenye eneo lisilofika mita moja ya mraba. Sakafu ya darasa kwa kawaida husanifiwa kubeba takriban kilo 300 kwa mita ya mraba. Kwa hiyo "tugeuze darasa la ghorofa ya pili liwe chumba cha ripoti" ni swali la mhandisi wa miundo, na jibu lake liwe kwenye karatasi yenye sahihi. Maboksi yasizidi kilo 15, au makuli watayaburuza na jalada za vitabu zitakatika.

Mpangilio: andika kila boksi namba ya kabati, rafu na nafasi kuanzia kushoto. Mkutubi awe upande wa kupokelea. Ukimweka upande wa kupakia umemtupa.

Hatua ya 6: Majalada ya wateja

Haya yasichanganywe na kitu kingine chochote. Tangu tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, jalada lililodondoka kwenye kirikuu si uzembe wa mpagazi tena, ni jambo la chuo. Masanduku yafungwe kwa lakiri yenye namba, na daftari lionyeshe nani kakabidhi, nani kapokea, saa ngapi. Hata kama mnavuka uwanja tu.

Na kabla ya kufunga sanduku, wakili wa kliniki apitie tarehe. Rufaa kutoka mahakama ya mwanzo kwenda ya wilaya ni siku 30. Jalada la mteja mwenye siku tisa zilizobaki haliingii kwenye sanduku, linabaki mkononi mwa wakili.

Hatua ya 7: Wiki gani?

Likizo ndefu, Agosti hadi Septemba. Mvua hakuna, kuna kaubaridi, wanafunzi wengi wameondoka. Mapumziko kati ya mihula ni mafupi mno, na muhula wa pili unaangukia kwenye masika: Machi hadi Mei usihamishe karatasi Dar es Salaam. Angalia tu kwamba mitihani ya marudio huwa humohumo kwenye likizo, kwa hiyo ofisi ya mitihani ihamishwe kabla au baada, kamwe isiwe katikati. Kama ni chuo cha umma, manunuzi yenu yanapita NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni, basi anzeni miezi mingi kabla.

Hatua ya 8: Vibao na walinzi

Vibao vya muda viwepo siku ileile. Walinzi waelezwe kwanza kabla ya wahadhiri, maana wao ndio wanaoulizwa. Mlango wa zamani ubaki na karatasi ya maelekezo muhula mzima.

MASWALI YA WANACHAMA

Dada wa Kimara: Asante kwa somo. Je, ni lazima TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) wapewe taarifa tukihamisha programu jengo hadi jengo?

Kuhama jengo ndani ya kampasi ileile si sawa na kufungua kampasi nyingine, dada. Lakini wakaguzi wakija wataangalia vyumba, maktaba na vifaa vya programu husika, na taarifa zenu za zamani zitakuwa zinataja vyumba ambavyo sasa ni stoo. Waandikieni mapema, barua moja tu na kiambatisho cha vyumba. Na anwani ya kliniki kwenye usajili wa watoa msaada wa kisheria muirekebishe pia.

Mkuu wa Kigamboni: Sisi ni chuo kidogo, chumba kitupu hakipo kabisa. Unatushauri tuache?

Hapana mkuu. Chumba cha kupumulia si lazima kiwe ofisi. Sisi mara ya pili tulitumia chumba cha mapumziko cha wanafunzi wakati wa likizo, tukabadilisha kitasa na kuongeza komeo. Kuna wenzetu walikodi kontena. Kontena ni tanuri, majalada yatastahimili lakini karani hatastahimili. Kikishindikana kabisa, punguzeni duara: mmoja kati ya watatu abaki alipo mwaka huu.

Msomi wa Jioni: Kwenye mahitaji ya uzamili umetaja taa na choo tu. Sisi tunatoka saa 3 usiku, usafiri je?

Nimekubali kosa. Tembea ile njia saa 3 usiku kutoka mlango wa darasa hadi kituo cha daladala au mwendokasi, ukiwa na dada mmoja wa darasa hilo, na msikilize yeye. Jengo la nyuma linaweza kuongeza dakika saba za giza. Kwetu tulibadilishana: wa jioni wakapewa jengo la mbele, stashahada wanaosoma mchana wakaenda nyuma.

Mama Pili: Tuna mwanafunzi anayetumia kiti cha magurudumu. Lifti hatuna. Semina zimepangwa ghorofa ya kwanza.

Semina zake zishuke chini, mama, pamoja na kundi lake lote. Asije akashushwa peke yake kusoma na mhadhiri kama mgonjwa. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 iko wazi kuhusu kufikika kwa majengo, na chuo cha sheria kikivunja hiyo ni aibu mara mbili. Kama kuna ngazi mlangoni, njia mteremko huhesabiwa sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita moja ya kimo: kizingiti cha sentimita 45 kinataka mita 5 na sentimita 40. Pimeni kama uwanja unatosha kabla ya kuahidi.

Karani Mstaafu: Shikamooni. Kuna mhadhiri wetu amekaa ofisi moja miaka 15, amekataa kutoka. Mlifanyaje kwenu?

Marahaba, mzee wangu, ingawa mimi ndiye ningepaswa kukuamkia. Kwetu alikuwepo wa namna hiyo. Barua tatu hazikusaidia. Siku moja nilikwenda kumsaidia kupanga vitabu vyake, nikagundua tatizo ni dirisha: ofisi mpya ilikuwa inatazama maegesho, ya zamani inatazama mwembe. Tukampa nyingine inayotazama mwembe uleule kwa upande wa pili. Alihama siku hiyohiyo.

Kijana wa Sinza: Na lile benchi la mninga, lilifika juu?

Halikufika. Mahakama ya mfano imebaki chini, na programu iliyokuwa ihamie pale ndiyo iliyopelekwa juu. Kwenye mpango uliosainiwa benchi bado linaonekana liko ghorofa ya pili.