Namna ya Kuzuru Maeneo Matakatifu ya Waabkhazi kwa Heshima

Waabkhazi, wenyeji wa Abkhazia kwenye pwani ya Bahari Nyeusi, wawe wanajiita Wakristo au Waislamu, bado huomba kwa Antsva, Mungu mmoja, katika vilele vya milima na chini ya miti mikubwa. Kila mahali pa aina hiyo, panapoitwa anykha, pana ukoo unaopatunza na ambao ndio hutoa kuhani. Mimi na wageni ninaowaongoza huku tunaanza na ukoo, mlima hufuata baadaye.

Hatua ya 1. Panga njia ya kuingia Abkhazia. Nchi nyingi huihesabu kuwa sehemu ya Georgia, na sheria ya Georgia huona kuingia kupitia mpaka wa Psou, upande wa Urusi, kuwa kosa. Anayekusudia kufika Georgia baadaye na aulizie kwanza njia ya daraja la mto Enguri, upande wa Georgia.

Hatua ya 2. Chagua mahali panapokufaa. Kwa mgeni wa mara ya kwanza ninapendekeza kijiji cha Lykhny, wilayani Gudauta, ambako uwanja mpana wa nyasi uko wazi kwa watu wote na kanisa la kale limesimama kando yake. Dydrypsh, mlima ulio karibu na kijiji cha Achandara, ni jambo jingine kabisa: usiupande kwa kufuata ramani ya simu.

Hatua ya 3. Tafuta mwenyeji akupeleke kwa ukoo husika, ambao kwa Dydrypsh ni Chichba na kwa Lykhny ni Shakryl. Nyumbani kwao simama mzee anapoingia, mwache aseme kwanza, kisha mwenyeji aeleze shida yako. Uliza waziwazi ni nani anaruhusiwa kufika na hadi wapi, hasa kwa wanawake, na kama kupiga picha kunakubalika. Jibu likiwa hapana, shukuru na ule ulichoandaliwa. Kubembeleza ni utovu wa adabu.

Hatua ya 4. Ukiruhusiwa, nenda ukiwa msafi wa mwili na mavazi. Usivunje tawi wala kuokota kitu kilichoachwa hapo, hata kama ni sarafu iliyoota kutu. Chunga ulimi pia, kwa sababu mbele ya anykha watu huapa ili kuondoa tuhuma za wizi au uongo, na huaminika kwamba anayeapa kwa uongo huadhibiwa yeye na jamaa zake. Mzaha wa kuapa haueleweki kama mzaha.

Hatua ya 5. Ukialikwa kwenye maombi, simama nyuma ya wanaukoo. Mnyama huchinjwa na kuchemshwa, kisha kuhani hushika kijiti cha mhazeli kilichochomekwa moyo na ini, pamoja na bilauri ya divai, akaomba kwa sauti. Wakati huo usizungumze. Nyama ikigawiwa, pokea fungu lako na ule pamoja nao. Asiyekunywa divai amweleze mwenyeji kabla ya siku hiyo, asije akakataa bilauri mbele ya wazee.