Simu ya Treni Ikiita: Kwa Kondakta Mgeni wa North Platte

Baba yangu alikuwa mtu wa gangi Tabora. Asubuhi yuko relini na sururu, jioni yuko barazani. Mdogo wangu, huku nyikani Nebraska, Marekani, usitegemee hivyo. Treni ya mizigo huondoka ikiwa tayari, na kondakta wake (siyo yule wa daladala, hapa hukati tiketi) huitwa kwa simu saa yoyote.

Ukipigiwa una kama saa moja na nusu uwe umefika kazini. Kwa hiyo begi lipange ukirudi, siyo unapoitwa. Kabla hata ya kuoga, toa nguo chafu, tia soksi za sufu jozi mbili, glavu za akiba, tochi, betri na chupa ya chai. Chakula weka cha siku mbili. Sheria inakataza kufanya kazi zaidi ya saa 12. Zikiisha, treni inaegeshwa hata kama ni porini, nanyi mnangoja gari la kuwachukua. Niliwahi kungoja saa nne nikiwa na nusu pakiti tu ya biskuti. Tangu hapo mke wangu hunifungia ugali na dagaa. Siku ya kwanza dereva wangu alifungua dirisha kwa harufu ya dagaa, na nje kulikuwa na barafu.

Unga wenyewe tunaufuata mji wa Lexington kwa Wasomali, mwendo wa saa moja, tukipita katikati ya mashamba ya mahindi yasiyo na mwisho. Mengi ni ya ng'ombe na ya kutengenezea mafuta ya magari.

Treni ikipoteza upepo wa breki, wewe ndiye unayeshuka kutafuta palipokatika. Nyingine zina urefu wa zaidi ya kilomita 2. Usikanyage juu ya reli, inateleza kama sabuni. Usiingie kati ya mabehewa mpaka umemwambia dereva kwa redio na umesikia akikujibu. Usidhani amesikia. Kile kidole cha chuma kinachoshikanisha mabehewa kikivunjika, kipya utakachobeba kina kilo zipatazo 35, na upepo wa huku hauna mti wa kuuzuia.

Usingizi uwinde. Nikiona nimebaki wa tatu kwenye orodha ya kuitwa, nalala hata kama ni saa sita mchana. Dirishani tumetundika blanketi jeusi.

Kwa watoto, usiseme "nitakuwepo". Sema "nikiwepo". Idi moja tuliila siku ya tatu, pilau ile ile, nguo mpya zile zile, na hakuna aliyelia. Halafu kuna saa. Karatasi za treni zina saa 24, watoto wanahesabu Kimarekani, mama yao Kiswahili, na mji wa Cheyenne ninakolala nikiwa safarini uko nyuma yetu saa moja. Niliahidi kupiga simu "saa mbili", nikimaanisha ya usiku ya Kiswahili. Binti yangu, kwa saa mbili ya Kimarekani, alikuwa ameningoja tangu saa nane mchana. Sasa mlangoni pa friji tunaandika "baada ya chakula cha usiku".

La mwisho, chagua mlio wa simu ya kazi usiotumiwa na mtu mwingine nyumbani. Wetu ni kengele kavu. Mke wangu huusikia kabla yangu. Ananipiga kiwiko, anakwenda kubandika chai.