Paka mdogo kajificha? Mfumbie macho taratibu

Kama umeleta paka mdogo na kajichimbia chini ya kabati usimvute, kaa chini sakafuni upande upande, mbali kidogo, akikutazama fumba macho taratiiibu kama mtu anayesinzia, hesabu mpaka mbili, fumbua, alafu angalia pembeni. Wetu alikaa huko siku tatu, jana usiku ndo na yeye akafumba, mara pua ikatokeza akaja kunusa kidole changu, nilifurahi sana jamani. Kwa paka kukodolewa macho ni vitisho, ukifumba anaona huna shari. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, walilijaribu hili 2020 wakakuta paka wanamsogelea zaidi hata mgeni aliyewafumbia hivyo. Akishatoka usimnyanyue! Nyoosha kidole tu, achague mwenyewe, ukiwa na kidagaa kimoja weka karibu na goti.

Haitasaidia kama watoto wanakimbizana humo ndani au tivii inaunguruma, tafuta chumba kimya kwanza. Na kama siku nzima hajala chochote hiyo sio aibu tena, mpeleke kwa daktari wa mifugo.