SOMO: Kutabiri mauzo ya duka kwa modeli (soma yote kabla hujauliza)

Wakuu, nimechoka kujibu swali hilihili la kutabiri mauzo kila wiki kwa hiyo naandika mara moja hapa. Mfano wangu ni duka la jumla, unga, sukari, tende, mauzo ya kila siku kwa miaka mitatu. Natumia Python (lugha ya kuandikia programu) na LightGBM, ndo modeli yenyewe, yaani programu inayojifunza kwa data za nyuma ili ikadirie za mbele.

1. Panga data kwa tarehe, siku moja mstari mmoja.

2. Chora grafu uitazame kwa macho. Kwangu Jumamosi inapanda, na mishahara ikitoka inapanda tena.

3. Weka kipimo cha kushindana nacho: Jumanne ijayo = Jumanne iliyopita. Modeli ikishindwa kuipita hiyo, huna modeli.

4. Ongeza safu (column) kwenye jedwali: mauzo ya siku 7 nyuma, wastani wa siku 28, siku ya wiki, tarehe ya mwezi.

5. Kugawa data. Hapa ndo niliumia. Mara ya kwanza nilichanganya siku zote kama karata, asilimia 80 za kufundishia, 20 za kupimia, kosa (tofauti ya utabiri na mauzo halisi) likatoka dogo mno nikafurahi, nikampelekea mwenye duka akaagiza mzigo kwa namba zangu. Wiki ya pili sukari imeisha Alhamisi na lori linakuja Jumatatu, mzee wa watu anarudisha wateja mlangoni. Ukichanganya, modeli inaiona Jumatatu na Jumatano halafu unaiuliza Jumanne, hapo haitabiri, inaziba pengo tu. KATA KWA TAREHE: fundisha mpaka mwisho wa Juni, pima Julai, kisha fundisha mpaka mwisho wa Julai, pima Agosti, endelea hivyo. Na kosa la pili, wastani wa siku 28 niliupiga pamoja na siku yenyewe ninayoitabiri, jibu likawa ndani ya swali. Sogeza kwanza safu ya mauzo siku moja nyuma, ndo upige wastani. Na kama unatabiri wiki nzima mbele sogeza siku 7 sio 1, maana leo ukitabiri Ijumaa ijayo, mauzo ya Alhamisi yake bado huna.

6. Ramadhani. Inawahi kwa siku kama 11 kila mwaka: 2023 ilianza tarehe 23 au 24 Machi, 2025 tarehe 1 au 2 Machi. Ukiipa modeli mwezi tu, itakuagizia tende wakati watu wanajiandaa na Idi. Weka safu ya siku zilizobaki kufika Ramadhani na nyingine ya kufika Idi.

MASWALI

– Mkuu modeli gani nzuri? Nirushie na skripti, nina kikao kesho.
– Modeli iko aya ya kwanza. Skripti sitoi, duka lako sio duka langu. Anza hatua ya 1.

– Kwa nini hutumii mitandao ya neva? Hii ya kwako ya kizamani.
– Miaka mitatu ni mistari kama 1,095 tu, na mitandao ya neva (modeli zinazoiga ubongo) hula data nyingi. Mashindano ya utabiri ya M5 ya 2020 yalikuwa ya kutabiri mauzo ya Walmart, maduka makubwa ya Marekani, na wengi waliofanya vizuri walitumia LightGBM. Mshindi wa M4, mashindano yaliyotangulia, mwaka 2018 alichanganya mtandao wa neva na njia ya zamani ya takwimu, sawa, ila alikuwa na mifululizo 100,000 ya data. Wewe unayo mingapi?

– Samahani kaka, data yangu ina sifuri nyingi, nyingine tulifunga, nyingine mzigo uliisha. Nizifute?
– Dada swali zuri sana hili. Usifute mistari, siku zitasogea na "siku 7 nyuma" itakuwa ya uongo. Siku mliyofunga iwekee safu yake ya "tumefunga". Ila siku mzigo ulioisha sio sifuri kabisa, wateja walikuja wakakosa, ukiiacha hivyo modeli itajifunza kwamba hawahitaji, utaagiza kidogo, utaishiwa tena. Iache wazi, usiiandike 0. Na usipime kosa kwa asilimia, huwezi kugawa kwa sifuri, tumia wastani wa tofauti kwa mifuko, iwe imezidi au imepungua usiweke alama ya kutoa.

– Asante kaka. Na tarehe zangu Excel imezigeuza, 03/04 sijui ni Machi au Aprili.
– Rudi kwenye daftari la mauzo uhakikishe siku mbili tatu. Kuanzia leo andika 2025-04-03, mwaka mbele, haikuchanganyi.